Shiti Iliyobaki Ukutani

Anayetaka kusikiliza na akae. Anayetaka kubishana naye akae, ila afunge mdomo mpaka mwisho, maana mwisho wenyewe ni wa wabishi.

Palikuwa na mwanamke huko Ngamiani, Tanga, jina lake Bi Mwantumu, mjane, mwenye karakana ya kukata mabati. Hakuwa mpole, na hakuna aliyewahi kumwomba awe mpole. Karakana yenyewe ilikuwa paa, kuta tatu, na katikati mkasi. Msije mkadhani ni mkasi wa mshona nguo. Huu ulikuwa mkasi wa kukanyaga, wa chuma, mpana kuliko mlango, mzito kama mkwe aliyekuja kusalimia akakaa mwaka. Unaliingiza bati kati ya meno yake, unakanyaga kwa uzito wako wote, kwaa! Bati limekuwa mawili.

Mkasi huo ulikuwa na mila yake. Bei ya kazi ilikuwa bei ya bati lililonunuliwa, na juu yake theluthi ya karakana. Lakini hata ulete kazi ndogo kama ukucha, palikuwa na bei ambayo hushuki chini yake, na bei hiyo mtaa mzima uliijua kwa jina: bei ya kuamsha mkasi.

"Kipande kama biskuti unanitoza hivi?" mteja mmoja alilalamika.

"Biskuti zipo dukani kwa Mpemba, baba, nenda kanunue. Hapa mkasi ulikuwa umelala. Umekuja kuuamsha, lipia usingizi wake."

Bei ziliandikwa kwa chaki kwenye bati lililopakwa rangi nyeusi, likatundikwa mlangoni. Chaki ililala kwenye pindo la kanga ya Bi Mwantumu, na hakuna mkono mwingine ulioigusa tangu mumewe afe. Mwenye chaki ndiye mwenye neno. Wengine wote walikuwa na kazi tu.

Kisha macho yakamsaliti. Mtoto wa jicho. Akaanza kuona tatu kama nane, na nane kama mtu aliyesimama mbali. Asubuhi moja aliona wateja wamejaa mlangoni wanachekeana, akafurahi, akadhani Mungu amemkumbuka. Kumbe ameandika elfu tatu pahali pa elfu nane. Jioni ile akajua kuwa chaki haina budi kutoka kwenye pindo.

Itoke, sawa. Iende kwa nani? Hapo ndipo akili ilipoanza kumzunguka kama kuku aliyenyweshwa tembo.

Alikuwa na watoto watatu wa marehemu kaka yake, aliowalea mwenyewe humo humo karakanani mpaka wakawa watu wazima wenye nyumba zao.

Salha, mkubwa, alijaliwa mdomo. Si mdomo wa kupayuka, huo hata kasuku anao. Wake ulikuwa mdomo unaojua la kusema, na zaidi ya hapo unajua pa kunyamaza. Mteja hajamaliza kusalimia, Salha ameshamtazama viatu, saa na haraka aliyonayo, na bei imeshaiva. "Bati halilipi," alikuwa akisema. "Anayelipa ni mtu."

Mhina, wa kati, alijaliwa jicho. Wewe ukitazama bati unaona bati. Mhina alikuwa anaona ndoo mbili, karai moja, na kibatari kimejikunyata pembeni. Alichora kwa msumari, na kilichobaki baada ya mchoro wake hata kuku asingeweza kukikalia. "Bei imo ndani ya bati," alikuwa akisema. "Ukilipanga vizuri, limekulipa kabla mteja hajaja."

Kibwana, mdogo, alijaliwa mkono, na mguu pia, maana mkasi ule haukubali kimoja bila kingine. Alikata duara ungedhani amefuata kivuli cha mwezi. "Michoro ipo, maneno ndiyo yamejaa hadi darini," alikuwa akisema. "Mbona mabati hayakatiki yenyewe?"

Kwanza Bi Mwantumu alijaribu njia ya wavivu: akaivunja chaki vipande vitatu, kila mmoja akampa chake. Siku hiyo hiyo akaja Mama Riziki, jirani wa mtaa wa pili, anaviringisha pipa la maji, anataka mfuniko. Salha akamtajia elfu kumi, kwa sababu alimwona na mkufu. Mhina akamtajia elfu nne, kwa sababu mfuniko ungetoka kwenye mabaki. Kibwana akamtajia elfu saba, kwa sababu duara linaumiza kifundo cha mguu.

Mama Riziki akawatazama mmoja mmoja. "Bi Mwantumu, hapa mnauza mifuniko au mnapiga ramli?"

Akaliviringisha pipa lake, akaondoka nalo likiwa wazi. Vipande vya chaki vikarudi kwenye pindo.

Sasa ikaja kazi ya Mzee Shemdoe, mwoka mikate. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakatika, Idd iko mlangoni, na kofia ya tanuri lake imeliwa na kutu pamoja na dohani ya kutolea moshi. Moshi badala ya kupanda ulikuwa unarudi ndani kumsalimia mwoka. Mikate ikawa inanuka kama samaki wa kubanika, na watu wakaanza kununua kwingine. Alitaka kofia mpya na dohani mpya, za bati lisiloshika kutu.

Bi Mwantumu alipomwona anavuka barabara, akawageukia watatu wake. "Sikilizeni. Atakayeiletea karakana faida katika kazi hii, chaki ni yake. Asiyepata asinune."

"Na akinuna, Shangazi?" Kibwana akauliza.

"Anunie nje."

Akaona ameamua. Alilitamka neno faida kama mtu anayemwita mtoto mmoja, wa mama mmoja. Hakujua ameita mtaa mzima.

Salha ndiye aliyempokea mteja. Akampa kiti, akamwacha apumue.

"Huko ulikotoka wamekwambiaje, Mzee wangu?"

"Shiti mbili," akasema Shemdoe. Shiti ni bati zima kama lilivyotoka kiwandani, halijaguswa na mkasi. "Kila fundi anasema shiti mbili, na kila fundi anasema nisubiri Idd ipite."

Salha akanyamaza. Hakusema mbili, hakusema moja. "Sasa shida yako ni bei, au ni Idd?"

"Ni Idd, mwanangu. Nisipooka Idd hii, Idd nyingine itanikuta nauza karanga."

"Basi toa bei ile ile waliyokutajia wao. Kofia na dohani utavipata kabla mwezi haujaandama. Moshi ukirudi ndani hata kidogo, fedha yako unachukua."

Shemdoe akavuta ndevu. "Punguza basi, Salha. Baba yako alikuwa rafiki yangu."

"Nikipunguza bei itabidi nipunguze na dohani. Niikate wapi, juu au chini?"

Mzee akacheka, na mtu akishacheka mfuko wake umekwisha kufunguka. Akalipa. Kwenye karakana ya barabara kuu, yenye mashine ya umeme, asingepata kwa wakati. Kwa mdomo mwingine wowote pale Ngamiani, angeondoka anabembeleza bei mpaka kesho. Bila Salha hapakuwa na kazi.

Mhina ndiye aliyechora. Shiti za aina ile zilikuwa mbili tu, zimeegemezwa ukutani, na Bi Mwantumu alishaziaga zote mbili moyoni. Mhina akaishusha moja, akailaza, akachuchumaa mbele yake muda mrefu kama mtu anayesubiri iseme. Kofia ya tanuri ina pande nne, pana chini, nyembamba juu. Fundi yeyote angezichora zote zimesimama, na kati yake zingebaki pembe pembe za kutupa. Mhina akazilaza kichwa kwa miguu, kama watoto wanne kwenye kitanda kimoja. Ukingoni, palipobaki kama pahali pa mama, akailaza dohani.

"Imetosha," akasema.

"Nini imetosha?"

"Shiti moja, Shangazi."

Bi Mwantumu hakuamini macho yake, na macho yenyewe hayakuwa ya kuaminika. Akainama, akapitisha vidole juu ya mikwaruzo ya msumari. Mistari iligusana. Hapakuwa na nafasi ya kosa hata la unywele. Bila Mhina, shiti zote mbili zingekwenda.

Kibwana ndiye aliyekata. Alipouona mchoro akaguna. "Kaka, umechora kana kwamba mkasi huu umezaliwa leo."

"Una nini?"

"Una pengo! Husikii kila siku unavyotafuna?"

Ni kweli, jino la chini la mkasi lilikuwa na pengo upande wa kushoto, tangu enzi za marehemu. Bati likipita hapo linatafunwa, ukingo unatoka kama mkate ulioumwa na panya. Siku zote paliachwa nafasi pembeni, palipotafunwa pakatupwa. Safari hii nafasi haikuwepo, Mhina ameila yote. Ukingo ukiumwa, kofia inavuja moshi, na shiti ya pili ukutani inashuka.

Kibwana alikuwa amefunga, na jua lilikuwa limesimama juu ya paa kama mdai. Akaligeuza bati, akaligeuza tena. Kila mkato akalisogeza mpaka pengo liangukie pale ambapo ukingo utakunjwa ili vipande viungane, kidonda kifichwe ndani ya mkunjo. Hakukanyaga kama kawaida. Alishusha mguu taratibu kama anayepita karibu na mtoto aliyelala. Alipomaliza, kanzu ungeweza kuikamua, na hakuna kipande kilichoharibika. Bila Kibwana, mchoro ule ungekuwa picha ya kutundika.

Kofia ikapanda, dohani ikapanda. Shemdoe akawasha kuni, moshi ukapanda juu moja kwa moja kama mtu anayejua kwao. Mwezi ukaandama, mtaa ukala mkate unaonuka mkate.

Kesho yake Mzee Shemdoe akaja karakanani na kanzu mpya, kapu la mikate kichwani na furaha usoni. Akawashukuru, akawaombea, akageuka kuondoka, akaiona. Shiti moja nzima, inang'aa ukutani, haina hata mkwaruzo.

"Na hii?"

Salha akafungua mdomo, lakini Mhina, ambaye kunyamaza hakumo katika vipaji vyake, akawahi. "Hiyo ni ya pili, Mzee! Hatukuihitaji!" Alisema kwa fahari, maskini.

Salha akajifunika uso kwa mtandio.

"Ahaa," akasema Shemdoe, akaliweka kapu chini. "Basi ni yangu. Sina ugomvi na mtu siku ya Idd. Nitafutieni mkokoteni tu."

"Yako kwa lipi?" Salha akauliza.

"Nimelipa bei ya shiti mbili. Tanuri langu limevaa moja."

"Mimi nilikuuzia shiti lini, Mzee wangu? Nilikuuzia moshi kwenda juu. Haya, moshi hauendi juu?"

"Unakwenda."

"Basi kula mkate."

"Bei ilikuwa ya shiti mbili, binti!"

"Bei uliitaja wewe mwenyewe kwa ulimi wako. Mimi niliipokea tu, kama ninavyoipokea mikate hii." Salha akamgeukia shangazi yake. "Faida si hiyo hapo ukutani? Bila mdomo wangu, bei ingekuwa ya shiti moja na theluthi yake, na leo mngekuwa mnahesabu vumbi. Chaki yangu."

"Yako?" Mhina akasimama. "Wewe uliuza kama mafundi wote wanavyouza. Na mimi ningechora kama mafundi wote wanavyochora, ukutani pangekuwa na nini? Mjusi. Shiti ile ni jicho langu limesimama pale. Chaki yangu."

"Jicho lako halikuona pengo," akasema Kibwana. "Umekaa na mkasi huu miaka yote, hujui kama ni kibogoyo. Mchoro wako ndio ulionipeleka mdomoni mwa pengo, mguu wangu ndio uliotutoa. Ningekosea mara moja tu, hiyo mnayoigombania ingekuwa imevaliwa na tanuri. Chaki iko wapi?"

Bi Mwantumu akaona kila anayesema ana haki, na kila haki inaila nyingine. Alipomsikiliza Salha, alikuwa wa Salha. Akigeuza shingo, anakuwa wa Mhina. Kichwa kikamuuma upande ambao hauna jino.

Mzee Shemdoe akakohoa. "Mwantumu, dada yangu, mimi si mtoto wa mtaa mwingine. Mila ya mkasi huu naijua. Bei ya bati, na theluthi juu yake. Si ndivyo mlivyotuzoesha, wewe na marehemu? Basi chukua bati moja, chukua theluthi yako, kilichozidi hapo si faida. Ni mali yangu imeegemea ukuta wako."

Hapo ndipo bibi wa watu alipotafuta kiti. Maana mila ilikuwa ya kwake, na ilikuwa inamla yeye. Akimpa Shemdoe shiti, faida aliyoitangaza haipo tena, chaki haina wa kupewa, na watatu wametumia mdomo, jicho na mkono kwa theluthi ile ile ya siku zote. Asipompa, kesho mtaa mzima utasema kwa Bi Mwantumu unalipia bati usilolivaa.

"Theluthi ni ya bati, Shangazi," Salha akanong'ona. "Akili haina theluthi."

"Na uaminifu una ngapi?" akauliza Shemdoe, ambaye masikio yake hayakuwa na kutu.

"Nyamazeni!" Bi Mwantumu akafoka. "Wote! Hata mkasi!"

Kelele zikashuka, lakini kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko kelele. Salha akasema polepole kwamba wale wa barabara kuu walishamwita, wana mashine ya umeme lakini hawana mtu wa kuongea na watu. Kibwana akasema yeye mguu ni wake, atauondoa juu ya mkasi, wenye akili na wakanyage wenyewe. Mhina akachukua kitambaa anachofungia misumari yake ya kuchorea, akaanza kukikunja, kunjo juu ya kunjo. Hicho ndicho kilichomtisha Bi Mwantumu kuliko maneno yote. Akiondoka mmoja tu kati ya watatu hawa, mkasi utalala, na safari hii hapatakuwa na bei ya kuuamsha.

Najua kuna mwerevu hapo nyuma ameshanyanyua kidole: wagawane! Shusha kidole. Shiti ukiigawa mara tatu inakuwa mabaki. Na chaki ilishavunjwa mara tatu, umeshasahau Mama Riziki?

Maana ndiyo huyo anaingia sasa. Analiviringisha pipa lile lile, bado liko wazi, ndani mna majani mawili na chura.

"Idd Mubaraka wa karakana! Nasikia siku hizi mna bei moja. Haya, nimerudi. Mfuniko wangu kiasi gani?"

Bi Mwantumu akafungua pindo la kanga, akaitoa chaki. Akalielekea lile bati jeusi la mlangoni, ambalo kwake lilikuwa giza tupu. Akanyanyua mkono kuandika, mkono ukakwama hewani. Nyuma yake viganja vitatu vilikuwa vimekunjuliwa, vinasubiri. Na ukutani Mzee Shemdoe alikuwa ameshaishika shiti kwa mikono miwili, hajaivuta, lakini hajaiachia.

"Bei gani jamani?" akauliza Mama Riziki. "Au mnapiga ramli tena?"

Haya, wabishi, zamu yenu. Shiti iende na mkokoteni au ibaki ukutani? Na chaki itiwe kiganjani mwa nani: aliyeiuza kazi, aliyeichora, au aliyeikata? Amueni upesi, na kila mtu aseme kwa nini. Mama Riziki ameshainama kulishika pipa lake.